UZI: Dk. Thorndyke, mpelelezi wa miaka ya 1900 aliyeuliza "hii alama ya kidole imefikaje hapa?"

Mleta uzi (Morogoro):

Wakuu, salaam.

Mimi ni fundi wa maabara katika shule ya sekondari. Hadubini naishika karibu kila siku ya kazi. Leo nataka tumzungumzie mpelelezi wa hadithi ambaye kwetu hatajwi sana, wakati Sherlock Holmes kila mtu anamjua. Anaitwa Dk. John Thorndyke. Aliyemtunga ni daktari Mwingereza, R. Austin Freeman, aliyezaliwa London mwaka 1862 na kufariki 1943.

Kabla sijaenda mbali, niseme kwa nini huyu mtu amenigusa.

Babu yangu mzaa baba hakujua kusoma. Karatasi zake zote zilitiwa dole gumba. Alipofariki, ikatokea hati ya mauziano ya nusu ya shamba lake, ina dole lake, wino wa zambarau, safi kabisa. Baba na shangazi wakapinga. Likaitishwa baraza, dole likalinganishwa na la kwenye karatasi nyingine za mzee, ikasemwa: ni lake. Kesi ikaishia hapo. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimekaa nyuma kwenye benchi, na nakumbuka shangazi akisema kwa sauti ndogo, "Sikatai kuwa ni lake. Nauliza liliwekwa lini, na mzee wakati huo alikuwa hawezi hata kushika kijiko." Hakuna aliyemjibu.

Miaka mingi baadaye nikasoma riwaya ya kwanza ya Thorndyke, The Red Thumb Mark, iliyotoka mwaka 1907. Nilipofika katikati nikaifunga, nikatoka nje kidogo. Swali la shangazi ndilo lililobeba riwaya nzima.

Kisa chenyewe hiki. Mfanyabiashara wa London, mzee Hornby, ameweka almasi kwenye kasha la chuma. Asubuhi almasi hazipo. Ndani ya kasha kuna kipande cha karatasi, matone mawili ya damu, na alama ya dole gumba la damu inayosomeka vizuri mno. Alama ni ya Reuben, mpwa wake. Wataalamu wa Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London, wanaapa kuwa haiwezi kuwa ya mtu mwingine duniani. Hata wakili wa Reuben anamshauri akiri kosa aombe huruma ya mahakama.

Thorndyke, ambaye ni daktari na pia mwanasheria, habishani nao kwamba mchoro ule ni wa dole la Reuben. Anauliza kitu kingine: je, dole lenyewe liliigusa karatasi hii?

Hebu fikirieni wakati ule. Ofisi ya alama za vidole ya Scotland Yard ilianzishwa mwaka 1901, ikifuata mfumo ulioiva kule Bengal, India, ambako wafanyakazi wawili Wahindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, walifanya sehemu kubwa ya kazi ya kuupanga, ingawa mfumo ukaja kupewa jina la bosi wao, Edward Henry. Mwaka 1905 ndugu wawili, Alfred na Albert Stratton, walinyongwa kwa mauaji ya wazee wawili huko Deptford, na ushahidi mzito ulikuwa alama ya dole gumba kwenye kisanduku cha pesa. Ilikuwa mara ya kwanza Uingereza mtu kutiwa hatiani kwa mauaji kwa ushahidi wa namna hiyo. Kwa hiyo Freeman alipoandika 1907, alama ya kidole ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kuaminiwa kama neno la mwisho. Yeye akachagua wakati huohuo kuihoji.

Naendelea jioni. Nitaeleza aliivunjaje kesi.

Mdau (Mombasa):

Fundi, endelea, nimekaa mkao wa kusikiliza. Ila swali: tofauti yake na Holmes ni ipi? Holmes naye si alikuwa na maabara, na anajua majivu ya sigara za kila aina? Na sisi tuna Bwana Msa wetu wa Unguja, mtu wa kiko na akili.

Mleta uzi:

Swali zuri ndugu yangu, na nafurahi umemtaja Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla alimtoa kwenye Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapwa 1960, na kile kiko kinaonyesha wazi kuwa Holmes alipita kwenye meza ya mwandishi. Bwana Msa anasoma watu: maneno yao, woga wao, siri za ukoo. Nguvu yake iko hapo.

Holmes anakuangalia viatu anakwambia umetoka wapi. Unashangaa, unapiga makofi. Lakini ukirudi nyuma ukachunguza, mara nyingi kuna sababu nyingine tatu ambazo zingeweza kueleza tope lile. Thorndyke hakushangazi. Anakuwekea kitu mezani, anakuonyesha anavyokipima, anakwambia kinathibitisha nini, na anasema pia kisichothibitisha. Anatembea na kisanduku kilichofunikwa turubai la kijani, upana kama futi moja na kina inchi nne. Humo mna hadubini ndogo, chupa za dawa na vyombo vya kupimia, vyote vidogo vidogo. Nyumbani kwake, namba 5A King's Bench Walk, kwenye majengo ya wanasheria London, juu kuna maabara na fundi wake, Polton. Huyu Polton anajua saa, kamera, lenzi, kila kitu cha mikono. Msimulizi mara nyingi ni daktari mwenzake, Jervis.

Polton nampenda kupita wote. Ni nadra mwandishi kumpa fundi heshima kiasi kile. Thorndyke akiwa na wazo, Polton ndiye anayelifanya liwe kitu cha kushikika, na Thorndyke anasema hivyo mbele za watu.

Sasa turudi kwenye dole. Nyumbani kwa akina Hornby kulikuwa na kijitabu cha mchezo, watu wa familia wanatia humo madole yao kama kumbukumbu. Thorndyke anakuza picha ya dole la kijitabuni na picha ya dole la damu. Kwenye lile la kijitabuni kuna upenyo mdogo mweupe wenye umbo la S. Chini ya hadubini anaona umetokana na uzi wa karatasi yenyewe ulioganda kwenye dole na kung'oka nalo lilipoinuliwa. Ni ajali ya karatasi ile, haimo kwenye ngozi ya Reuben. Lakini upenyo uleule, umbo lilelile, umo kwenye dole la damu lililokutwa ndani ya kasha.

Someni tena hapo wakuu. Kidole hakiwezi kubeba kasoro ya karatasi kukipeleka kwenye karatasi nyingine. Kwa hiyo kilichogusa karatasi ya kasha ni nakala ya lile dole la kijitabuni.

Halafu anaonyesha nakala inavyotengenezwa: unapiga picha, unaihamishia kwenye bamba la jelatini lililotiwa dawa ya kromiamu, panapopigwa na mwanga panakuwa pagumu, panapobaki kivuli panayeyuka kwa maji ya moto, na mistari inabaki imeinuka kama muhuri. Ni kazi ya kawaida ya watu wa uchapaji wa picha enzi zile. Mahakamani, mtaalamu wa polisi anapewa madole yaliyochanganywa, ya kweli na ya Polton, ayatenge. Anashindwa.

Niseme wazi: Freeman hakusema alama za vidole ni uongo. Thorndyke anasema alama ni jambo lililoonekana kama mengine, na kila lililoonekana linahitaji maelezo ya lilivyotokea.

Mdau (Mwanza):

Aisee. Mimi ni muuguzi, na hapo kwenye "kisichothibitisha" umenigusa. Kipimo kinaweza kuwa sahihi na bado ukamtibu mtu ugonjwa usio wake. Lete nyingine.

Mleta uzi:

Dada yangu, umesema kweli tupu.

Nyingine ni ile iliyobadilisha namna ya kuandika hadithi za upelelezi, The Case of Oscar Brodski. Ilitoka gazetini 1910, ikaingia kwenye kitabu The Singing Bone mwaka 1912. Freeman aliifanya kinyumenyume. Sehemu ya kwanza unamwona muuaji tangu mwanzo: Silas Hickler, mwizi mtulivu anayeishi peke yake karibu na reli. Usiku mmoja mgeni anauliza njia ya stesheni. Ni Brodski, mfanyabiashara wa almasi. Hickler anamkaribisha ndani apumzike, wanakula biskuti za shayiri, wanakunywa. Hapo hapo tamaa inamwingia. Anaua. Anaibeba maiti mpaka relini, anailaza kichwa juu ya chuma, treni ya mizigo inapita.

Miwani ya Brodski ilivunjika nyumbani. Hickler anaokota vipande vya kioo, anavifunga kwenye karatasi, anaenda kuvimwaga relini kando ya maiti. Mtu makini. Anarudi nyumbani anajiona salama, anainua macho: kofia ya marehemu bado ipo. Anaichoma.

Kwa hiyo msomaji unajua kila kitu. Nani, vipi, kwa nini. Kinachobaki ni sehemu ya pili: je, kuna mtu anayeweza kuyasoma haya kwenye vitu vilivyobaki? Thorndyke anatokea kwa bahati, yuko safarini. Inspekta wa pale anamchukulia kama mtu wa kuchelewesha kazi. Thorndyke anaona damu ni kidogo kuliko inavyostahili kwa mtu aliyekatwa akiwa hai. Mdomoni mwa maiti anatoa nyuzi chache, anaziweka chini ya hadubini: sufu, pamba na juti, za rangi tofauti. Hizo ni za kitambaa duni cha meza au cha sakafuni. Kisha vile vioo. Anavipanga kipande kwa kipande kwenye karatasi yenye gundi, kama mtu anayeunga sahani iliyovunjika, na vinabaki vipande visivyo na pa kukaa. Si vya miwani. Ni vya bilauri. Bilauri relini imetoka wapi?

Nimesoma sehemu hiyo mara nyingi, na bado napata joto la mwili. Hickler alikosea kwa sababu ya usafi wake. Alifagia vizuri mno, akaokota na kioo kisichohusika.

Freeman mwenyewe alieleza kwenye dibaji ya kitabu kwamba alitaka kujaribu kama hadithi itamshika msomaji hata akishaambiwa kila kitu. Inashika. Tamthilia zote za televisheni zinazoanza kwa kumwonyesha muuaji zinatembea kwenye njia aliyoifyeka yeye.

Mdau (Nairobi):

Hii kitu ya hadubini, ni sayansi ya ukweli ama ni mambo ya vitabu tu?

Mleta uzi:

Ni ya ukweli. Freeman alikuwa na karakana yake, na alikuwa akijaribu mambo kwa mikono yake kabla ya kuyaandika. Kitabu chake cha hadithi fupi cha 1909, John Thorndyke's Cases, kilichapwa kikiwa na picha alizopiga kupitia hadubini.

Moja ya hadithi za humo, A Message from the Deep Sea, ina msichana aliyeuawa mashariki ya London, na mkononi ameshika nywele nyekundu. Polisi wanamtafuta mwenye nywele nyekundu. Thorndyke anaangalia mashina. Nywele iliyong'olewa kwa nguvu hutoka na ala yake, kile kijifuko laini kinachozunguka shina chini ya ngozi. Iliyoanguka yenyewe au kubaki kwenye chanuo haina. Zile hazikuwa nazo. Ziliwekwa mkononi.

Hili nimelijaribu mwenyewe. Nilichukua nywele tatu za kwenye chanuo la mke wangu, halafu nikang'oa tatu za kwangu. Kwenye lenzi ya kukuza mara 100, za chanuo zina kichwa kidogo kikavu, kama njiti ya kiberiti iliyozimika. Za kung'oa zina kitu chenye unyevu kilichozing'ang'ania, kinachopitisha mwanga, kama ganda la kitunguu. Niliwaita wanafunzi wa kidato cha tatu waangalie. Mmoja aliuliza hapo hapo: "Kwa hiyo mwalimu, mtu anaweza kusingiziwa kwa nywele zake?" Sikuwa nimewaambia habari za hadithi.

Kwenye mto wa kulalia wa yule msichana kuna mchanga pia. Chini ya hadubini unajaa makombe madogo sana ya viumbe wa baharini, wa aina ya bahari ya Mediterania upande wa mashariki. Mchanga huo hukaa ndani ya sponji zinazovuliwa kule. Basi, tafuta mtu anayeshughulika na sponji.

Na kwenye The Old Lag kuna jambo ambalo wa kaskazini mwa Kenya mtalipenda. Mfungwa wa zamani anasingiziwa kwa alama za vidole zilizoghushiwa, na kuna damu. Thorndyke anaona chembe nyekundu za damu si mviringo, zina umbo la yai. Kwa wanyama wanyonyeshao, walio hivyo ni ngamia na jamaa zake. Damu ya ngamia, katikati ya London!

Mdau (Nairobi):

Mimi kwetu ni Isiolo, tumefuga ngamia tangu babu wa babu, na sikuwahi kujua hilo. Leo nimejifunza.

Mdau (Dodoma):

Mleta uzi unamsifia sana. Huyu si alikuwa daktari wa serikali ya kikoloni huko Gold Coast? Na nimewahi kusoma kuwa alikuwa na mawazo mabaya kuhusu watu.

Mleta uzi:

Mkuu, yote mawili ni kweli, na ni haki yasemwe hapa.

Mwaka 1887, mara baada ya kumaliza udaktari, Freeman alikwenda Accra kama daktari msaidizi wa koloni, Ghana ya leo. Alisafiri na msafara wa serikali kupita Kumasi hadi Bontuku, na mwaka 1898 akatoa kitabu cha safari hiyo, chenye michoro na ramani zake. Alirudishwa kwao 1891 akiwa amevunjika afya kwa ile homa ya malaria inayogeuza mkojo mweusi. Hakupata tena nguvu za kudumu kwenye udaktari, akawa anashika kazi za muda, ikiwemo ya daktari kwenye gereza la Holloway. Kalamu aliishika kwa sababu ya njaa na mwili mgonjwa.

Mwaka 1921 alitoa kitabu cha mambo ya jamii kinachounga mkono ile fikra ya kwamba kuna watu bora wa kuzaliana na kuna wasiofaa. Na kwenye baadhi ya hadithi zake Wayahudi wanachorwa kwa namna inayochefua. Mimi sikubaliani naye hata kidogo hapo, na inaniuma zaidi kwa sababu ni mtu yuleyule aliyemfundisha Thorndyke asimhukumu mtu kwa sura ya mambo. Alikuwa na kipimo kizuri mkononi, akakataa kukitumia kwenye chuki zake mwenyewe. Kwa hiyo nikisoma, sifumbi macho kurasa hizo. Wala sitaki wengine wafumbe.

Mdau (Mombasa):

Umejibu kiungwana. Ila siku hizi mambo ya alama za vidole ni ya kompyuta. Hofu ya 1907 bado ina maana?

Mleta uzi:

Ina maana sana. Mwaka 2002 mtafiti wa Kijapani, Tsutomu Matsumoto wa Yokohama, na wenzake walidanganya mashine za kusoma vidole kwa vidole vya bandia. Walivitengeneza kwa jelatini. Jelatini ileile ya Polton, miaka 95 baadaye.

Na hata bila kughushi. Mwaka 2004, baada ya mabomu ya treni Madrid, shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilimkamata wakili wa jimbo la Oregon, Brandon Mayfield, likisema alama kwenye mfuko uliokutwa Hispania ni yake. Wataalamu zaidi ya mmoja walikubaliana. Alikaa ndani wiki mbili. Polisi wa Hispania wakaonyesha ni ya mtu mwingine, raia wa Algeria. Marekani ikaomba radhi, na mwaka 2006 ikamlipa dola milioni 2. Huyo alikuwa wakili, na Hispania nzima inaitazama kesi. Mtu wa kijijini angekuwa na nani?

Sisi leo laini ya simu ni kidole, na uchaguzi tumeandikishwa kwa kidole. Mimi siogopi mashine. Naogopa siku mtu atakaposema "mashine imesema" na mlango wa maswali ukafungwa, kama ulivyofungwa kwenye benchi lile.

Mdau (Mwanza):

Fundi, na ile hati ya babu? Uliwahi kuiangalia tena?

Mleta uzi:

Nimeisubiri hiyo, dada.

Hati halisi iko kwa walionunua. Sisi tuna fotokopi tu, na kwenye fotokopi huwezi kuona wino ulivyoingia kwenye karatasi. Lakini mwaka juzi shangazi alinipa bahasha ya karatasi za mzee: stakabadhi za mazao, kadi, barua mbili. Nilihesabu madole kumi na moja. Nikakaa nayo usiku mzima na lenzi ya mkono.

Babu aliumia dole gumba kwa jembe akiwa kijana, kiungo cha juu hakikukunja. Kwa hiyo hakuweza kulibonyeza na kuliinua wima kama wengine. Alikuwa analiburuta kidogo kuelekea kushoto akilitoa. Kwenye yote kumi na moja kuna mkia wa wino upande wa kushoto, mwingine mrefu, mwingine mfupi, lakini upo. Hata kwenye stakabadhi ya zamani kabisa, iliyoliwa na mende pembeni, upo.

Kwenye hati ya mauziano haupo. Mistari imesimama wima, imekatika safi pande zote.

Hilo halithibitishi kughushi. Huenda aliyemshika mkono alimwinulia. Huenda karatasi ilikuwa laini zaidi. Nimeyaandika yote, yanayosaidia na yasiyosaidia, kwenye daftari, na kila dole nimelipiga picha pembeni ya rula. Shangazi sasa hivi ana miaka sabini na sita. Nilipomsomea ukurasa wa kwanza alinyoosha mkono, akaishika lenzi mwenyewe, akaangalia stakabadhi moja baada ya nyingine bila kusema kitu, halafu akaniambia niwashe taa ya pili.